Nyota Ambazo Hakuna Aliyezikata

Muyinga, Jumapili mchana, mwezi wa Agosti

Kaka Melkiori,

Nimerudi jana kutoka Makebuko. Tumeganduka, tumeondoa matanga. Mwaka wa kukulilia umekwisha, watu wamekunywa, wamesema, wamerudi makwao. Mimi nimekaa hapa barazani kwa Bwana Karim, duka lake limefungwa, nimeigeuza meza ya kukatia kuwa meza ya kuandikia. Vumbi la kiangazi limeingia kwenye mashine mpaka kwenye uzi. Nimeifuta, nikakaa, nikaona leo siwezi kushona. Naweza kukuandikia tu.

Mimi ndiye niliyesema kwa niaba ya familia. Mimi, Kaka. Unakumbuka kule kambini Tanzania, mwalimu akiniita ubaoni nilikuwa nasahau hata jina langu? Wewe ulikuwa unaomba ruhusa ya kwenda chooni, unakuja kusimama nje ya dirisha letu, unaninyanyulia nyusi mpaka nicheke, na nikishacheka jibu linakuja. Alhamisi nilisimama mbele ya watu wa kilima chetu chote. Niliangalia huku na huku, nyusi sikuziona.

Lakini hofu yenyewe haikuwa ya watu. Nikueleze, kwa sababu hukuwepo, na hilo ndilo neno ambalo bado linanikwama.

Siku tuliyokuzika, Goreti alikuja. Dada yetu huyo ambaye alikuwa hajaniamkia kwa miaka sita. Alipita katikati ya watu, akanishika mkono, na hakuniachia mpaka udongo ulipokwisha. Tulilia tumeshikana mkono, kama watoto. Watu waliona. Na katekista aliyeongoza sala akaona pia, akatunyooshea kidole akasema, "Mungu amemchukua Melkiori ili awarudishe hawa wawili." Wakasema amina. Goreti akasema amina kwa nguvu kuliko wote.

Mimi mdomo wangu haukufunguka.

Tangu siku ile maneno hayo yamekuwa kama wimbo wa kilima. Nikienda Makebuko, mtu akinisalimia ataongeza, "Mwalimu alikufa ili mpatane." Goreti mwenyewe anasema hivyo, tena anasema kwa uso uliotulia, maana maneno hayo yamempa mahali pa kuweka kifo chako. Na mimi kila nikisikia, nahisi kama mtu amechukua mkasi wangu. Ulikufa kwa homa ya siku sita. Ulikuwa na madaftari ya wanafunzi hamsini na kitu mezani, nusu yamesahihishwa. Hukufa ili.

Sasa utaona nilivyobanwa. Nikisema siku ya kuganduka kwamba si kweli, namnyang'anya dada yangu kile anachoegemea, na labda ule mkono aliounyoosha ataurudisha. Nikinyamaza, nakusaliti wewe, kwa sababu ni wewe uliyenifundisha, hapa hapa kwenye hili baraza, kwamba si kweli. Miezi mitatu sikulala vizuri kwa ajili ya hilo.

Nilianza kuikumbuka ile siku. Ilikuwa likizo ya Pasaka, ulikuja kutoka Gitega na mfuko wa karanga, ukakaa kwenye kiti cha wateja. Mimi nilikuwa nakata kofia za Idi. Unajua ninavyofanya: nakunja kitambaa mara nane, nachora viduara kwa chaki nikizungusha kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, kiduara kinagusa kiduara, mistari imenyooka, kisha napitisha mkasi. Kila viduara vinne vikitoka, katikati yao kinadondoka kipande chenye ncha nne, mbavu zimebonyea ndani. Vilikuwa vinaanguka miguuni, jioni navifagia, navitia kwenye gunia la kujazia mito.

Uliokota kimoja. Ukakiweka kwenye kiganja.

"Nani amekata nyota hii?"

"Mimi."

"Umeikata?"

"Nimekata kofia, Kaka."

"Kwa hiyo nyota hakuna aliyeikata."

"Imebaki tu."

Ulicheka kama mtu aliyepewa ng'ombe. Ukasema mwilini mwetu zimejaa nyota za namna hii, na watu wamechoka kwa kuulizana zilikatwa kwa nini. Damu, ulisema, haikufanywa nyekundu ili ipendeze, wala ili ituogopeshe ikimwagika. Kazi yake ni kubeba hewa, na kile kinachobeba hewa ndani yake kina chuma, na wekundu umekuja nacho. Mfupa haukuchagua kuwa mweupe. Ulitakiwa uwe mgumu, na kile kinachoufanya uwe mgumu ni cheupe. Basi.

Kisha ukamgeukia Bwana Karim aliyekuwa anapima kitenge cha wanawake wawili. "Bwana Karim, samahani, hizo chuchu zako ni za kazi gani?"

Wale wanawake waliangua kicheko mpaka mmoja akashika ukuta. Bwana Karim akaweka mita chini. "Mwalimu," akasema, "hapa ni duka la vitambaa. Bucha iko kule chini sokoni."

Lakini alisikiliza, nilimwona. Ulieleza kwamba tumboni mwa mama mtoto anaanza kwa ramani moja, awe wa kike awe wa kiume, na chuchu zinachorwa mapema kabla njia hazijaachana. Mwanamke ndiye anayezihitaji. Mwanamume amezipata kwa sababu ramani ni moja. Bwana Karim akajishika kifua juu ya shati, taratibu, kama mtu anayetafuta kalamu.

Mimi sikuamini. Nilisema nyota ni nyota, labda kitambaa chenyewe kinapenda kutoa nyota. Hukubishana nami. Uliniambia, "Panga viduara vingine. Mstari wa pili usogeze nusu, kila kiduara kikae kwenye bonde la viwili vilivyo juu." Nikasogeza. Nikakata. Vikadondoka vipande vidogo vya ncha tatu. Hata kimoja chenye ncha nne hakikutoka katikati.

"Umeona?" ukasema. "Hukuzigusa nyota. Umegusa kofia, nyota zikabadilika."

Kaka, siku ile nilikuwa na miaka kumi na miwili ya ufundi. Nilikuwa nimekata viduara kama hivyo maelfu. Ulikuja na karanga zako, ukakaa robo saa, ukaona kitu kilichokuwa miguuni pangu siku zote. Ndivyo ulivyokuwa. Hukuhitaji vyombo. Ulihitaji mtu akuache uokote.

Hukuishia hapo. Mvua za Novemba ulinitumia kifurushi kwa dereva wa Karuzi: ganda la konokono la shamba la Gitega, limefungwa kwenye karatasi ya mtihani. Uliandika niligeuze, niangalie tundu lililo chini. Ganda likijizungusha, uliandika, katikati linabaki tundu, kama unavyoviringisha kamba ukaacha nafasi ya kidole. Konokono wengi tundu hilo hawalifanyii kitu. Lakini wapo wa aina nyingine, mbali na kwetu, wanaoweka mayai yao humo na kuyatunza. Nakumbuka ulivyoandika: "Tundu halikuja kwa ajili ya mayai. Ila mayai yamepata nyumba. Silvesta, kitu kikishabaki, uhai hauoni haya kukiokota."

Ganda lile liko hapa. Ndilo limezuia karatasi hii isipeperuke.

Baada ya hapo sikuweza kuzifagia tena nyota kwa moyo mmoja. Nilianza kuzishona kwenye pindo za magauni ya watoto, kisha kwenye vitambaa vya mezani. Zikapendwa. Mama mmoja wa hapa mjini akaja kusimama juu ya kichwa changu akiangalia, mkono kiunoni.

"Fundi, mi nataka ile kitambaa ya nyota."

"Sawa, mama."

"We unazikata na mukono ama na mashini? Na hivi viduara vyote, masikini, unavitupa?"

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Nilikusimulia kwenye simu, ukasema huyo mama amekosea kosa ambalo wasomi wakubwa wanalikosea: ameona kitu kizuri, kina kazi, akadhani kimekatwa kwa ajili ya kazi hiyo. Ukasema nimwambie anasalimiwa na mwalimu wa Gitega.

Ndipo ukaniagiza ile nguo kubwa. Viduara vyeupe na nyota za bluu, mistari sita, ya kutundika ubaoni kwa misumari miwili. Niliileta mwenyewe, ukaniketisha dawati la nyuma kabisa, magoti yangu hayakuenea. Nilikuwa sijawahi kukuona ukifundisha. Nilijua tu kwamba mwanzoni walikucheka, kwa sababu ulikulia Tanzania na Kifaransa ulijifunza ukubwani, kwenye kamusi, ukiwa na mishumaa na mbu. Walikuita Monsieur Swahili. Siku ile jina lilikuwa bado lipo, lakini walilitamka kama watu wanavyotamka jina la timu yao.

Binti mmoja alinyoosha kidole. "Monsieur, alors hii nyota iko ya nini?"

Ulivua miwani. "Unauliza ilitoka wapi, ama unauliza iko ya kazi gani sasa? Hayo ni maswali mawili. Usiyalaze kitanda kimoja, yatapigana."

Wakacheka, wakaandika. Mimi sikuwa na daftari, Kaka, niliandika kichwani. Nimekuwa nikilibeba hilo neno kama mtu anavyobeba ufunguo bila kujua ni wa mlango gani.

Mkuu wa shule aliturudishia nguo hiyo pamoja na vitu vyako vingine, miwani, redio, mashati mawili. Nilikaa nayo Muyinga mwaka mzima, nimeikunja chini ya mto. Wanafunzi wako walituma ujumbe mara mbili wakiiomba. Sikujibu. Nisamehe. Ilikuwa bado na chaki yako kwenye pindo.

Basi wiki ile ya kuganduka niliondoka hapa alfajiri. Mafuta ni shida sana siku hizi, nilipanda pikipiki, nikapanda lori la maharage, nikatembea. Nguo nilikuwa nimeifunga mgongoni kama mama anavyobeba mtoto. Sikuwa nimeamua nitasema nini.

Nilisimama. Wanaume walikuwa wameweka chini chupa zao, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka upande wa migomba, Goreti mbele kabisa, kitenge kipya. Katekista alikuwa ameketi kwenye kiti cha heshima. Nilishukuru waliokuja. Nilisema jina lako lote. Halafu maneno yakaisha, kama kule ubaoni.

Nikaifungua nguo. Nikamwomba jirani ashike upande mmoja.

Niliwaambia yale ya kofia. Kwa Kirundi, taratibu, kama nilivyoweza. Niliwaonyesha kiduara, nikawaonyesha nyota. Niliwaambia, "Nyota hizi ni nzuri. Watu wa Muyinga wanazipenda. Lakini hakuna aliyezikata. Kofia zilikatwa, nyota zikabaki, nami nikazikuta."

Kisha nikasema lile nililokuwa naliogopa. Nikasema miaka saba iliyopita, kwenye kikao cha kugawana shamba la baba, mimi ndiye niliyesema Goreti ameolewa, ana shamba kwa mumewe, hapa hana fungu. Wewe ulisimama ukasema, "Goreti ndiye aliyemwosha mama." Kura yako ilikuwa moja, mimi na wazee tukakushinda. Nikasema kosa lilikuwa langu, na amani tuliyo nayo sasa ni nzuri, naishukuru kila siku. "Amani hii ni nyota. Nimeikuta kaburini kwa kaka yangu, na siitupi. Lakini naomba mtu asiniambie tena kwamba Melkiori alikatwa ili nyota ipatikane. Sisemi Mungu hayupo. Melkiori mwenyewe alikuwa akisali. Ila alikuwa akisema, tusimsingizie Mungu kila kipande kilichobaki."

Kuku alipita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza. Katekista aliangalia viatu vyake. Mimi nilimwangalia Goreti, na uso wake ulikuwa umefunga, nikajua nimeuharibu, nimeuvunja ule mkono.

Akainuka. Unamjua anavyoinuka, kwanza anasukuma ardhi kama anayeigombeza. Akaja mpaka kwenye nguo. Akaweka kidole juu ya nyota moja, akaizunguka yote, ncha nne.

"Mama alisema hivyo," akasema. "Siku ya kifaranga."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye ambaye hakumaliza hata darasa la nne ndiye aliyekumbuka. Kifaranga kilichokufa, wewe ukakichuna kichwa kwa wembe, ukatuonyesha mifupa ya fuvu haijaungana, ina mistari. Goreti akakutania, "Mwalimu sasa anakula vichwa vya vifaranga." Na mama, aliyezalisha nusu ya kambi, akasema hata mtoto ana mistari hiyo, ndiyo inayokisaidia kichwa kupita. Ukamwuliza, "Na kifaranga, mama? Yeye hapiti popote, anavunja yai tu." Mama akafikiri, mikono ina unga wa muhogo. Akasema, "Basi ilikuwepo tayari. Sisi tumeikuta, ikatufaa."

Ulimwangalia mama siku ile kama ulivyowaangalia wanafunzi wako bora. Ulitembea naye mpaka kisimani ukimbebea ndoo, mtu mzima na suruali yako ya kazi.

Goreti aliirudia hadithi hiyo mbele ya watu, na unga wa muhogo, na vyote. Watu walicheka, wakafuta macho. Kisha akanigeukia.

"Silvesta. Kama hakuna aliyeikata, anayeishona ni nani?"

Nilianza kuikunja nguo.

"Kesho asubuhi uje na jembe," akasema, akarudi kwenye mkeka.

Asubuhi tulishuka pamoja, yeye na mimi tu. Tulipima kwa hatua zake, si zangu, kutoka mgomba wa baba mpaka bondeni. Tukakata matawi ya miyenzi, ile minyaa ya ua, tukayachomeka mstari mmoja kuwa mpaka, upande huu wangu, upande ule wake, sehemu sawa. Utomvu ulitunata vidoleni. Alinikaripia mara tatu kwamba mstari wangu umepinda, fundi gani mimi. Tulipomaliza alikaa chini, akavua kitambaa cha kichwa, akasema, "Nilikuwa nalitaka lile neno la katekista, unajua. Lilikuwa linanisaidia kulala." Nikamwambia najua. Akasema, "Sasa nitalala kwa kuchoka."

Kaka, nimejiuliza pia kuhusu kulia kwangu. Mwaka mzima, kwenye mashine, bila sababu, machozi kwenye kitambaa cha watu. Ni ya kazi gani? Sidhani kuna aliyeyakata. Nadhani kilichokatwa ni kupendana kwetu, ili watoto wasipotee porini, ili mtu asimame nje ya dirisha la mdogo wake. Machozi haya yamebaki katikati. Sijui bado nitayafanyia nini. Leo nimeyaandikia barua.

Habari ndogo ndogo. Bwana Karim anakusalimu. Alifunga duka siku uliyozikwa, hajawahi kulifunga kwa ajili ya mtu mwingine asiye wa kwao. Bado akiona mteja amenuna humwambia, "Bwana, hizo chuchu zako ni za kazi gani?" na kama mteja ni mkali, mimi naingia ndani.

Nikirudi kutoka Makebuko nilipita Gitega, shuleni kwako. Likizo, hakuna mtu, ila mlinzi alinifungulia. Misumari yako miwili bado ipo ubaoni. Nimeitundika nguo mahali pake, na chaki yako kwenye pindo sikuifuta. Nakuahidi itakuwa pale shule ikifunguliwa, na ikichakaa nitashona nyingine, na nyingine. Na mpaka wa Goreti nitaupalilia kila kiangazi mpaka miyenzi ishike.

Konokono wako nimebaki naye mimi. Hilo usinidai.

Lala salama, mwalimu wangu wa kwanza na wa mwisho. Kama huko uliko kuna dirisha, na ukiniona nimekwama ubaoni, nyanyua nyusi.

Unikumbuke.

Mdogo wako,
Silvesta